Je, Karani Asome Sheria?



Katika miezi michache iliyopita zimetufikia barua kutoka matawi yetu, na nyingi katika hizo zauliza jambo moja, ijapokuwa kila mwandishi amelivika nguo yake. Huyu ni karani wa masjala aliyekaa kazini miaka 14. Yule ni karani wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye kila siku aandika mashauri ya watu na kuyasikia yakikatwa. Na mwingine ni mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, mama wa watoto watatu. Wote wataka kujua kama yafaa mtumishi wa daraja letu ajitie katika masomo ya Shahada ya Sheria, atoe fedha zake na usingizi wake, hali ana nyumba ya kulisha na kazi ya kufanya asubuhi. Twaona si vema kuwajibu mmoja mmoja kwa faragha, maana swali lao ni la wengi, na wako wengine ambao wamekwisha kujiandikisha chuoni pasipo kumwuliza mtu.

Tungeweza kujibu kwa wepesi, kama wajibuvyo watu barazani, kwamba elimu haina mwisho na asomaye hapotei. Maneno hayo ni mema, lakini hayalipi ada. Tungeweza vilevile kujibu kwa ukali kwamba karani akae na ukarani wake. Na jibu hilo tungelionea haya, maana ndilo walilojibiwa babu zetu. Shauri letu ni hili: shahada hii yamfaa sana mtumishi ambaye amekwisha kuiona kwa macho yake kazi atakayoifanya kwayo, naye ana karatasi ya mwajiri mkononi. Kwa yule aitakaye ili aikimbie meza yake tu, yaweza kuwa deni la miaka kumi. Tutaeleza sababu zetu, na mwanachama atakayeona tumekosea atuandikie; nafasi yake ipo katika karatasi hizi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwa nini sheria ina utukufu mkubwa hivi machoni petu. Wazee wetu katika kazi hii, wale waliounda pale Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, wakiongozwa na Martin Kayamba, hawakuwa na shahada. Walakini ofisi za Mabwana Shauri zilikuwa zikiendeshwa kwa mikono yao: wao waliotafsiri maneno ya mshitakiwa, wao walionakili hukumu kwa mwandiko safi, na wao waliojua karatasi gani imelala katika sanduku gani. Kayamba mwenyewe alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Lakini karani, hata akiwa hodari namna gani, hakuweza kusimama mbele ya Jaji akasema kwamba yeye ndiye mtetezi wa mtu huyu. Kazi hiyo ilikuwa ya Wazungu na Wahindi, na Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumfundisha Mwafrika sheria. Ilipenda zaidi asome ualimu, uganga au kilimo, kwani ilikwisha kuona katika Bara Hindi na Pwani ya Dhahabu ya kuwa wanasheria walikuwa katika safu ya mbele ya watu waliodai nchi zao.

Hasara ya upungufu huo ilikuja kuonekana wazi. Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952. Na mwanasheria aliyefuatana naye akamsaidia kuieleza kesi ile alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda, aliyekuwa akifanya uwakili Moshi. Tena mwaka 1958, Julius Nyerere aliposhitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu Mabwana Shauri katika gazeti, watetezi wake walikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, mawakili wa hapa nchini wenye asili ya Asia. Mabwana hao walifanya kazi yao kwa uaminifu na yastahili wakumbukwe. Hata hivyo, mtu aliyeketi mahakamani siku ile, akiwatazama watetezi wa kiongozi wake, hakumwona miongoni mwao hata mmoja aliyezaliwa katika vijiji vyetu.

Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha London, kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni cha Sheria, na wanafunzi 14. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na chuo katika Afrika Mashariki kilichotoa shahada ya sheria. Hata Makerere, chuo chenye umri tangu 1922, hakikuanza kuifundisha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika kundi lile la kwanza alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu nchini. Basi karani wa leo aionapo joho la wakili na moyo ukamruka, asijione mjinga. Hamu hiyo ameirithi.

Lakini siku zile zilikuwa na sura yake, na siku hizi zina sura nyingine. Wakati ule wanasheria Waafrika waliweza kuhesabiwa kwa vidole, na kila mmoja aliyehitimu alikuwa na kiti kinachomngoja. Leo waliokwisha kuandikwa katika daftari la mawakili Tanzania Bara wamezidi 10,000, na vyuo vinavyotoa shahada hii ni vingi, vya Serikali na vya watu binafsi. Hatusemi kwamba wanatosha. Mtu wa kijijini mwenye shauri la shamba bado aweza kukaa mwaka mzima asimwone wakili, kwa kuwa mawakili wamejazana mijini penye benki na makampuni. Tunalosema ni kwamba upungufu wa mawakili kijijini haumpi kazi mhitimu aliyeko mjini, na karani anayesoma kwa kutumaini ule uhaba wa zamani anasoma kwa kalenda iliyokwisha kuondolewa ukutani.

Sasa na tuhesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Watu wengi hudhani kwamba Shahada ya Sheria ndiyo uwakili. Sivyo. Shahada ni mlango wa kwanza, na kwa asomaye mchana kutwa huchukua miaka 3 au 4 kwa kufuata chuo. Kwa mtumishi asomaye katika Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwasaidia watu walio kazini, aghalabu miaka huzidi hapo, maana mwaka huu ada haikutimia, mwaka ujao mtoto augua, na mwaka wa tatu mwanafunzi amehamishwa kituo. Akiisha kuipata shahada, sharti aingie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Zamani mhitimu alifanya mazoezi kwa mwaka mmoja kisha akatahiniwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Siku hizi mwaka huo ni wa kukaa darasani na kwenda katika mafunzo ya vitendo, wala si jambo la kusoma jioni baada ya kufunga ofisi. Akifaulu hapo ndipo hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu ili akubaliwe na kuandikwa katika daftari. Na asidhani kwamba akiutaka uhakimu atairuka Taasisi hiyo: nafasi za Hakimu Mkazi, zinapotangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, hudai shahada pamoja na cheti cha Taasisi.

Tena mlango huo wa pili si mpana. Mwezi wa Oktoba 2022 nchi nzima ilishituka matokeo ya Taasisi yalipotangazwa: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa warudie baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule aliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Ubishi ukawa mkubwa, wengine wakivilaumu vyuo vikuu kwa kupokea na kupitisha watu dhaifu, wengine wakiilaumu Taasisi yenyewe kwa ukali wa mitihani yake. Ugomvi huo tunauacha kwa wenyewe. Kwa karani jambo la kutazama ni moja: wale 607 ambao hawakupita mara ya kwanza, wote walikuwa na shahada zao mkononi.

Tuje kwenye fedha. Yuko mwanachama aliyetuandikia kwamba atakopa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Twasikitika kumwambia kwamba mikopo ile imewekwa kwa wasio na ajira, na mtumishi mwenye mshahara si mmoja wao. Kama aliwahi kukopa hapo zamani kwa masomo mengine, basi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe: mwenye Shs. 600,000 kwa mwezi hutoa Shs. 90,000 kabla hajanunua chumvi. Imebaki kwenda katika chama cha kuweka na kukopa, au benki. Na hapo iko kanuni ambayo kila karani wa mishahara aijua kwa moyo, kwamba makato yote yakijumlishwa yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara. Kanuni hiyo imewekwa kumlinda mtu na njaa. Lakini mwenye kuifikia theluthi hiyo kwa sababu ya ada hana tena njia ya kukopa paa linapovuja au mzazi anapolazwa. Tumeona katika barua hizi mtu aliyehesabu ada ya mwaka wa kwanza peke yake. Hakuhesabu nauli ya kwenda kufanya mitihani, wala vitabu, wala ule mwaka wa Taasisi, ambao sharti aache kituo chake na pengine apange chumba Dar es Salaam.

Neno moja juu ya lugha, kisha tuendelee. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na twalifurahia hilo kuliko watu wengi, maana ni sisi makarani tuliokuwa tukitafsiri kutwa. Lakini vyuoni sheria bado hufundishwa kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza kizito cha hukumu za zamani. Mtu aliyemaliza shule miaka 20 iliyopita, na tangu hapo hakuandika Kiingereza ila kujaza fomu, heri aanze kukinoa kabla ya kulipa hata senti moja ya ada.

Yote hayo, miaka na fedha na lugha, ni mizigo ambayo mtu mwenye nia aweza kuibeba. Sisi twaogopa zaidi jambo jingine, ambalo halimo katika kitabu cha mafunzo cha chuo chochote, nalo ni ikama.

Tunamjua mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja wala hatutaitaja ofisi yake. Alikuwa karani wa masjala. Alisoma sheria kwa miaka 7, akitumia likizo zake zote kwa mitihani, na mkewe akiuza vitumbua ili ada itimie. Alipohitimu alikuwa na miaka 43. Alileta cheti chake ofisini, wakubwa wakampa mkono, na wenzake wakamchangia soda. Kisha akaandika barua ya kuomba abadilishwe kada awe Afisa Sheria. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Baada ya mwaka akaandika tena, akajibiwa kwamba katika ikama ya ofisi ile nafasi ya Afisa Sheria ni moja, nayo ina mtu. Ya pili haijaombwa, na ikiombwa haijulikani kama itapata kibali. Ni mwaka wa tatu sasa, naye bado ahesabu majalada. Lakini ofisi haikuacha kuitumia elimu yake! Mkataba wa mzabuni ukija, huitwa kando kidogo autazame. Mtumishi akipewa barua ya kujieleza, huletewa yeye aisome. Hulipwa mshahara wa karani, akitoa akili ya mwanasheria.

Huko si kudhulumiwa kwa kusudi; hakuna mkubwa mmoja wa kunyoshewa kidole. Ndivyo utumishi ulivyojengwa. Cheo hakifuati cheti, hufuata nafasi. Na nafasi hufuata bajeti. Tena hata nafasi ikipatikana, kwa kawaida mtumishi anayebadilishwa kada huanza katika cheo cha kuanzia cha kada mpya. Kama mshahara wake wa zamani ni mkubwa kuliko wa cheo hicho huweza kubaki nao kama mshahara binafsi, asishuke. Lakini hapandi mpaka ngazi ile mpya imfikie. Kwa hiyo karani mwandamizi wa miaka 45 aweza kujikuta ameketi pamoja na kijana wa miaka 26, cheo kimoja, na kijana ana miaka 30 na zaidi ya kupanda mbele yake, yeye ana 15. Mwenye kuyajua haya mapema na bado akataka, huyo twampigia makofi. Uchungu huja kwa yule anayeyajua siku ya kupeleka cheti.

Mbaya zaidi ni wale wanaosoma kwa kujificha. Wapo. Huogopa kwamba mkubwa akijua atawanyima, basi hutoroka saa nane kwenda kipindini, au hujifanya wagonjwa wakati wa mitihani. Ndugu, mtu anayesomea sheria kwa kuvunja kanuni za kazi amejiwekea mtego mwenyewe. Utoro kazini ni kosa liwezalo kumfukuzisha mtumishi, na cheti kilichopatikana nje ya mpango wa mafunzo wa mwajiri ni rahisi sana kukataliwa siku ya kuomba cheo. Afadhali kunyimwa ruhusa mwaka huu ukaomba tena mwaka ujao.

Je, ni nani basi tumwambiaye asome? Wa kwanza ni karani wa mahakama. Yeye hasomi kwa kukisia. Amekwisha kuona hati ya madai ikikataliwa kwa sababu ya kukosa kifungu, ameona rufaa ikifa kwa kuchelewa siku mbili, na anajua tofauti ya hakimu mvumilivu na hakimu mwenye haraka. Darasani mambo hayo ni maneno. Kwake yeye ni watu. Kisha ana ngazi ya kupanda kidogo kidogo: Chuo cha Uongozi wa Mahakama pale Lushoto, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, hufundisha Astashahada na Stashahada ya Sheria, na kila kidato kina thamani yake hata kama mtu hakuendelea. Anayeanza na Astashahada hujipima kwa mwaka mmoja badala ya kujipima kwa miaka sita; akiona masomo yamemshinda ametoka na cheti, na akiona yamempendeza amepata msingi wa kuombea nafasi mbele.

Wa pili ni mtumishi wa ofisi ambayo sheria ni chakula chake cha kila siku, kama ardhi, kazi, forodha na usajili, iwapo yu kijana bado na mwajiri ametia jina lake katika mpango wa mafunzo. Yule mama wa ofisi ya ardhi aliyetuandikia twamweka hapa, na tunamshauri aende akaulize juu ya ikama kabla ya kuuliza juu ya ada.

Wa tatu atawashangaza baadhi yenu. Ni mtu aliyebakiza miaka michache astaafu, ambaye hataki cheo tena. Huyu akisoma kwa kupenda, na kwa fedha asizoziibia nyumba yake, hatuna la kumzuia. Ila tungemkumbusha kwamba kuwafaa watu kwa sheria hakudai shahada siku zote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo mafupi, ambao huwaelekeza wananchi, huwaonyesha njia ya kufuata na huwasuluhisha. Mstaafu aliyeandika barua za Serikali kwa miaka 35 ana nusu ya ujuzi huo tayari. Kijiji chake kingemhitaji yeye kuliko kinavyomhitaji mwenye joho asiyefika huko.

Na kwa nini tusiseme pia juu ya heshima, maana ndiyo inayowasukuma wengine, ijapokuwa hawakuiandika. Mawakili wana desturi ya kuitana wasomi. Wakili msomi huyu, msomi mwenzangu yule. Ni desturi yao na hatuna ugomvi nayo, lakini twajua inavyomwingia karani sikioni, hasa karani ambaye jana aliitwa kwa kupigiwa kengele. Kutaka kuheshimiwa si dhambi. Walakini mwaka wa kwanza wa shahada una Sheria ya Mikataba, na Sheria ya Mikataba haisomeki kwa hasira. Aliyeingia kwa sababu mkubwa wake alimdharau, aghalabu huishia njiani mkubwa huyo akihamishwa.

Kwa wale ambao haja yao hasa ni kujilinda wao wenyewe kazini, twasema wazi kwamba dawa yao haimo katika shahada. Imo katika Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake, na katika Kanuni za Kudumu, vitabu ambavyo vimo makabatini mwa ofisi zetu na ambavyo sisi ndio tunaovifungia. Ni wanachama wangapi wanaojua kwamba rufaa ya adhabu ina siku zake zilizohesabiwa? Ni wangapi waliowahi kuomba wapewe mashitaka kwa maandishi kabla ya kujieleza? Karani mmoja katika kila tawi akivisoma vitabu hivyo mpaka vikamwingia, atawafaa wenzake zaidi ya wahitimu watano waliokata tamaa.

Sasa twageukia Chama chenyewe, maana haifai kuwapa watu tahadhari kisha kuwaacha pale pale. Twaiomba Kamati Kuu ipeleke kwa waajiri maombi mawili. La kwanza, mtumishi anapoomba ruhusa ya kusomea shahada ya taaluma yo yote, ajibiwe kwa maandishi, kabla hajalipa ada, kama ofisi inatarajia kuwa na nafasi ya taaluma hiyo katika ikama kwa miaka ijayo, au haitarajii. Hatuombi ahadi. Jibu la hapana ni jibu zuri pia, kwani mtu atajua kwamba anasoma kwa hatari yake, au ataomba uhamisho mapema. La pili, wale ambao wamekwisha kuhitimu na bado wamekaa katika kada za ukarani waorodheshwe, ili nafasi za Afisa Sheria zinapotokea katika halmashauri na wizara nyingine wafikiriwe kwa uhamisho. Si busara kumtafuta nje mtu ambaye Serikali inaye ndani, tena aliyejisomesha mwenyewe.

Ili Kamati Kuu isiende kwa waajiri na maneno matupu, makatibu wa matawi wanaombwa kutuletea hesabu kamili: ni wanachama wangapi wanaosoma sheria hivi sasa, chuo gani na mwaka wa ngapi, ni wangapi waliohitimu, lini, na wamejibiwa nini, na ni wangapi walioacha, na kwa sababu gani. Majina yaandikwe katika karatasi ya peke yake na kufungwa kwa bahasha, maana wako ambao hawapendi wakubwa wao wajue. Karani wa masjala wa miaka 14, ambaye barua yake ndiyo iliyofika kwanza, twamwomba asijiandikishe mwezi huu. Akaombe kwanza kuiona ikama ya ofisi yake. Na akinyimwa, atujulishe ni nani aliyemnyima na kwa maneno gani.

Mhariri